Barua ya wazi kwa wanaosimamia fedha za utafiti wa tiba kuhusu fibromialjia na maumivu sugu ya tishu laini

Kwa:
Mawaziri wa afya, wakuu wa mabaraza na mifuko ya utafiti wa tiba, na wakuu wa vyuo vya uganga

YAH: MASWALI YA UTAFITI AMBAYO HAKUNA KAMPUNI ITAKAYOYALIPIA

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mtu anayeishi na fibromialjia na ambaye kwa miaka mingi amejitahidi kusoma kila utafiti kuhusu ugonjwa huu alioweza kuupata. Ninyi ndio mnaoamua swali lipi la kitabibu litafutiwe jibu na lipi lisubiri. Maswali makubwa kuhusu maumivu sugu ya misuli, kano na tishu nyingine laini yamesubiri mno, na nikiyatazama moja baada ya jingine naona sababu ileile ikijirudia: majibu yake, hata yakipatikana, hayatamletea mtu faida ya kibiashara. Mazoezi ya kutembea hayana hatimiliki. Kidonge ambacho hatimiliki yake imekwisha muda kinaweza kutengenezwa na kiwanda chochote, kwa hiyo hakuna kiwanda kitakachotumia fedha nyingi kuthibitisha kwamba kinafaa kwa ugonjwa mwingine. Kumfuatilia mtu mwenye maumivu ya shingo kwa miaka mitano, ili kujua kama yataenea mwili mzima, hakuzai bidhaa. Kazi za namna hiyo zisipolipiwa na fedha za umma hazifanyiki, na ombi langu katika barua hii ni kwamba fedha mnazozisimamia zielekezwe huko.

Kwa wale miongoni mwenu ambao kazi yao haijawakutanisha na ugonjwa huu, naomba niueleze kwa ufupi. Fibromialjia ni maumivu yaliyoenea sehemu nyingi za mwili, yanayodumu kwa miezi 3 au zaidi na kuandamana na uchovu, usingizi usioburudisha, na ugumu wa kukumbuka na kukaza fikra. Vipimo vya kawaida vya damu na picha za eksirei havionyeshi chanzo chake. Makadirio mengi huweka idadi ya wenye ugonjwa huu kati ya asilimia 2 na 4 ya watu wote. Hauui na hauonekani kwa macho, na naamini kwamba mambo hayo mawili ndiyo yanayousukuma nyuma kila bajeti ya utafiti inapogawanywa. Lakini mtu anayeupata akiwa na umri wa miaka 30 anaweza kuishi nao miaka 40 au 50, na katika miaka hiyo yote atakuwa mzazi, mfanyakazi, mwanafunzi au mlezi wa mgonjwa mwingine, huku mwili wake ukimkatalia leo jambo ambalo jana ulimruhusu.

Historia ya utafiti wenyewe inaonyesha jinsi kipimo kinachotumiwa kinavyoamua nani ataonekana kuwa mgonjwa. Mwaka 1904 daktari wa Uingereza William Gowers alidhani kwamba maumivu ya aina hii yanatokana na uvimbe na joto ndani ya tishu za nyuzi zinazozunguka misuli, na mwaka huohuo Ralph Stockman wa Glasgow akaripoti kuona vinundu vyenye uvimbe katika vipande vya tishu alivyovichunguza. Waliochunguza baada yao hawakuuthibitisha uvimbe huo. Kwa miongo mingi iliyofuata, mgonjwa ambaye misuli yake haikuonyesha kitu chini ya hadubini aliweza kuambiwa kwamba shida yake iko katika fikra zake, na wapo wanaoambiwa hivyo hadi leo. Ilipofika mwaka 1976 Philip Hench alipendekeza jina linalotumika sasa, na mwaka 1981 Muhammad Yunus na wenzake wakachapisha utafiti wa kwanza uliowalinganisha wagonjwa na watu wenye afya kwa utaratibu.

Mwaka 1990 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Baridi Yabisi kilitoa vigezo vilivyotawala utafiti kwa miaka 20. Mchunguzi alipaswa kubonyeza sehemu 18 za mwili kwa nguvu ya takriban kilo 4, na mgonjwa ambaye maumivu yake yameenea alihesabiwa kuwa na fibromialjia ikiwa sehemu zisizopungua 11 zilimuuma. Wanawake kwa kawaida huhisi maumivu ya kubonyezwa mapema kuliko wanaume, kwa hiyo kipimo hicho kiliwapata wanawake kwa wingi na kuwaacha nje wanaume wengi wenye dalili zilezile. Vigezo vya mwaka 2010, vilivyorekebishwa mwaka 2011 na 2016, viliondoa ulazima wa kubonyeza na badala yake vikahesabu maumivu katika maeneo 19 ya mwili pamoja na ukali wa uchovu, usingizi mbaya na matatizo ya kumbukumbu. Tofauti ya idadi kati ya wanawake na wanaume ikapungua sana. Marekebisho ya 2016 yalisema pia kwamba mtu anaweza kuwa na fibromialjia hata akiwa na ugonjwa mwingine, kama vile baridi yabisi, jambo ambalo madaktari wengi bado hawalitendei kazi. Natoa maelezo haya kwa sababu tafiti za vigezo vya zamani na za vigezo vipya hazizungumzii kundi moja la watu, na bado hujumlishwa pamoja katika muhtasari mnaopelekewa mnapoamua kama dawa fulani inafaa au haifai.

Sasa niingie katika kile kilichogunduliwa, kwa kuwa ni kingi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 Richard Gracely, Daniel Clauw na wenzao nchini Marekani waliwaingiza watu 16 wenye fibromialjia na 16 wasio nayo katika mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa unafanya kazi, na kuwabonyeza ukucha wa kidole gumba. Shinikizo dogo, ambalo kwa watu wenye afya halikuwa na uzito, liliyaamsha maeneo ya ubongo wa wagonjwa yanayoshughulikia maumivu, na mwitikio huo ulifanana na ule uliopatikana kwa watu wenye afya walipobonyezwa kwa nguvu kubwa zaidi. Wagonjwa walikuwa wakisema kweli walichokihisi. Kabla ya hapo, maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa yalikuwa yamepimwa na kukutwa na kiwango cha juu, karibu mara tatu ya kawaida, cha dutu P, kemikali inayosaidia kupitisha ujumbe wa maumivu kati ya neva. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba, kwa wagonjwa, vipokezi vya ubongo ambavyo dawa za jamii ya afyuni hujishikiza kwake havipatikani kwa urahisi kama kwa watu wengine, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya dawa hizo, pamoja na hatari zake zote, kuleta nafuu ndogo kwa watu hawa. Mkusanyiko wa ushahidi wa namna hiyo ndio uliokifanya Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, mwaka 2017, kuidhinisha aina ya tatu ya maumivu, inayotokana na mabadiliko katika namna mfumo wa neva unavyopokea na kuchakata taarifa, pasipo ushahidi wa jeraha la tishu wala wa ugonjwa wa neva unaoyaeleza maumivu hayo.

Wengi walilichukua hilo kuwa jibu la mwisho: tatizo liko katika ubongo na uti wa mgongo, basi. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Würzburg nchini Ujerumani, na wengine wa Boston nchini Marekani, walichapisha matokeo yanayotutazamisha upande mwingine. Walichukua vipande vidogo vya ngozi za wagonjwa na kuhesabu neva nyembamba zilizomo, zile zinazohisi maumivu na joto. Katika utafiti wa Boston, asilimia 41 ya wagonjwa 27 walikuwa na dalili za kuharibika kwa neva hizo, ikilinganishwa na asilimia 3 ya watu 30 wasiougua. Mwaka 2021 Andreas Goebel wa Liverpool, pamoja na wenzake wa London na Stockholm, walichukua kingamwili, yaani protini za mfumo wa kinga, kutoka katika damu ya wagonjwa na kuwadunga panya. Panya wale wakawa wepesi kuhisi maumivu ya shinikizo na ya baridi, na wiki chache baadaye, kingamwili zilipokwisha mwilini mwao, wakarudia hali yao ya awali. Panya waliodungwa kingamwili za watu wenye afya hawakupatwa na mabadiliko hayo. Kingamwili za wagonjwa zilikutwa zimejishikiza katika vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo, nje ya ubongo.

Hapa ndipo naomba msimame kidogo nami, kwa sababu naliona jambo hili kuwa kiini cha ombi langu. Kuna wanaosema chanzo ni ubongo, kuna wanaosema ni neva za ngozi, na kuna wanaosema ni mfumo wa kinga, na kila kundi lina ushahidi wake wa kweli. Yawezekana wote wako sahihi, kila mmoja kwa sehemu ya wagonjwa. Yawezekana pia kwamba mambo hayo ni hatua za safari moja, ambapo kuharibika kwa neva nyembamba hupeleka taarifa potofu hadi ubongo ukajizoeza maumivu. Hatuwezi kuamua, kwa sababu waliopimwa ubongo huko Marekani si waliochunguzwa ngozi huko Ujerumani, wala si waliotoa damu huko Uingereza na Sweden. Kila maabara ilipima ilichokuwa na kifaa cha kukipimia, kwa watu wachache, kisha fedha zikaisha. Mgonjwa ambaye neva za ngozi yake zimepungua huenda anahitaji tiba tofauti kabisa na yule ambaye neva zake ni nzima lakini damu yake ina kingamwili zinazoshambulia vifundo vya neva, na leo wote wawili wanatoka hospitalini na karatasi ya dawa inayofanana.

Kinachohitajika ni watu walewale, maelfu kadhaa, wapimwe yote: kipande cha ngozi, kingamwili, usingizi wa usiku mzima, picha za ubongo angalau kwa sehemu yao, na kipimo cha shinikizo, kisha wafuatiliwe kwa miaka. Kazi hiyo ni kubwa kwa maabara moja na kwa mfuko mmoja wa utafiti, lakini si kubwa kwa mifuko kadhaa iliyokubaliana. Magonjwa ya moyo na saratani yamechunguzwa kwa mtindo huo kwa miongo mingi, na kwa magonjwa hayo hakuna tena anayehoji iwapo gharama ilistahili. Kuna pia urithi wa kufuatilia: utafiti wa Lesley Arnold na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu wa mwenye fibromialjia wako katika hatari ya kuupata ugonjwa huu zaidi ya mara 8 kuliko ndugu wa mwenye baridi yabisi. Familia hizo zipo, na nyingi zingekubali kushiriki iwapo zingeombwa.

Kuhusu usingizi, nina uchungu wa pekee. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto waliwakatiza usingizi mzito, kwa kelele, watu wachache waliokuwa na afya njema, bila kuwaamsha kabisa. Watu hao walianza kuumwa misuli na kuchoka kwa namna iliyofanana na ya wagonjwa, na waliporuhusiwa kulala kwa kawaida hali hiyo ikatoweka. Huko Norway, wanawake 12,350 ambao mwanzoni hawakuwa na maumivu ya mwili walifuatiliwa kwa takriban miaka 10, na wale waliosema tangu awali kwamba usingizi wao ulikuwa mbaya ndio waliopata fibromialjia kwa wingi zaidi, na hatari hiyo ilipanda kadiri usingizi ulivyokuwa mbaya. Ushahidi huu unadokeza kwamba huenda sehemu ya ugonjwa huu ikazuilika. Hata hivyo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya fibromialjia kwa kulenga usingizi, siklobenzaprini ya kuyeyushwa chini ya ulimi wakati wa kulala, iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Agosti 2025, nusu karne baada ya jaribio la Toronto. Na ilifika huko kwa sababu kampuni ilipata njia mpya ya kuitoa dawa ya zamani, njia inayoweza kulindwa kwa hatimiliki. Swali la kama kuutibu usingizi mapema, kwa njia yoyote ile, kunapunguza idadi ya wanaofikia maumivu ya mwili mzima, bado halijapata mwenye kuliuliza kwa utafiti mkubwa.

Tazameni dawa nyingine. Nchini Marekani pregabalini iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 2007, duloksetini mwaka 2008 na milnasiprani mwaka 2009. Barani Ulaya, wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya alizipitia zote tatu kwa matumizi hayo na kuzikataa, akiona kwamba nafuu yake ni ndogo na kwamba ushahidi wa muda mrefu haukutosha. Ushahidi uliotumika ni mmoja, na wataalamu wa pande zote mbili waliusoma kwa makini. Kilichokosekana ni majaribio marefu yanayoweza kuumaliza ubishi. Majaribio mengi ya dawa za maumivu sugu hudumu takriban wiki 12. Kuupima ugonjwa wa maisha kwa wiki 12 ni kama kupima mvua ya mwaka kwa ndoo iliyowekwa nje siku moja. Amitriptilini, kidonge cha zamani na cha bei ndogo ambacho huenda ndicho kinachoandikwa zaidi duniani kwa ugonjwa huu, inategemea majaribio madogo yaliyofanywa zamani, na hakuna mwenye kiwanda atakayeyarudia kwa ukubwa unaofaa.

Mfano unaonitia moyo na kunihuzunisha kwa pamoja ni wa naltreksoni, dawa ya zamani inayozuia nguvu ya afyuni mwilini, ikitumiwa kwa dozi ndogo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu kwa wanawake 10 na kuona nafuu. Mwaka 2013 wakairudia kwa wanawake 31 na kuona nafuu tena. Habari zikaenea, na wagonjwa wengi wakaanza kuitafuta na kuilipia kwa fedha zao wenyewe. Ilichukua hadi mwaka 2024 kwa kundi la watafiti wa Denmark kuchapisha jaribio la wanawake 99, wiki 12, kwa miligramu 6, ambalo halikupata tofauti ya kuaminika ya maumivu kati ya dawa na kidonge kisicho na dawa, ingawa kulikuwa na dokezo la nafuu katika kumbukumbu. Nawashukuru kwa dhati watafiti hao wa Denmark, kwani jibu la hapana lililopatikana kwa uangalifu ni zawadi kwa mgonjwa. Lakini tangu dokezo la kwanza hadi jaribio hilo imepita miaka 15, na hata sasa wagonjwa 99 hawatoshi kutuambia kama kuna kundi dogo ndani yao linalosaidika. Iwapo mfuko mmoja wa umma ungetenga fedha mwaka 2010 kwa jaribio la watu mia tano, watu wengi wangeepushwa na matumaini yasiyo na msingi, au wangepata dawa ya bei nafuu mapema.

Mazoezi yako katika hali hiyohiyo. Mapendekezo ya muungano wa Ulaya wa vyama vya tiba ya baridi yabisi, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalipitia tiba nyingi na kuipa moja tu uzito wa juu kabisa wa mapendekezo: mazoezi. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilifikia mahali panapokaribiana mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu ya msingi, yaani yale yasiyoelezwa vya kutosha na ugonjwa mwingine, fibromialjia ikiwamo, ikashauri mazoezi, tiba za kisaikolojia, akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba) na baadhi ya dawa za sonona, na ikaonya dhidi ya kuanzisha dawa za jamii ya afyuni, parasetamoli na hata pregabalini. Basi tuna tiba yenye ushahidi bora kuliko zote, na bado anayeambiwa akafanye mazoezi hajui aanze na kiasi gani, aongeze kwa kasi gani, na afanye nini siku ambayo kutembea kidogo tu kunamlaza kitandani siku mbili zinazofuata. Wengi huacha, na wanapoacha huandikwa kwamba hawakushirikiana na tiba. Kathleen Sluka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walilishika swali hili kwa njia ninayoiheshimu sana: mwaka 2020 walichapisha jaribio la wanawake 301 lililoonyesha kwamba kifaa kidogo kinachopitisha umeme hafifu kwenye ngozi, kikitumiwa wakati wa shughuli za mwili, hupunguza maumivu yanayoletwa na kujongea. Huo ni utafiti unaomsaidia mtu kuyafikia mazoezi aliyoandikiwa. Tunauhitaji wa aina hiyo mwingi zaidi, pamoja na ule unaolinganisha mpangilio wa tiba, yaani iwapo kutibu usingizi kwanza kisha mazoezi ni bora kuliko kuanza vyote kwa mpigo.

Maumivu ya tishu laini yanayokaa sehemu moja, kama vile bega, shingo, kiuno na nyonga, yanastahili kuwekwa katika fungu hilohilo la bajeti, kwa maana maumivu yaliyoenea mara nyingi huanzia hapo. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwahusu watu wapatao milioni 619 duniani mwaka 2020, na makadirio ni kwamba watafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu waishi miaka mingi zaidi katika ulemavu. Kuhusu vifundo vya misuli vinavyouma na kusambaza maumivu mbali, ambavyo Janet Travell na David Simons walivieleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1983, tiba nyingi zimejengwa juu yake, kuanzia kukandwa hadi kuchomwa sindano kavu, isiyo na dawa, lakini wachunguzi wawili wakimshika mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani kifundo kiko wapi. Sisemi kwamba vifundo hivyo havipo. Nimeguswa vilipo na najua vinavyouma. Nasema kwamba kipimo cha kuaminika lazima kitangulie majaribio ya tiba, na kutengeneza kipimo ni kazi ya kimya isiyo na umaarufu, ambayo waombaji wa ruzuku huiogopa kwa sababu wanajua ninyi hamuipendi.

Lipo pia suala la nani anayechunguzwa. Mtafiti wa maumivu Jeffrey Mogil na mwenzake walipohesabu, mwaka 2005, tafiti za wanyama zilizochapishwa katika jarida kuu la maumivu kwa miaka 10, walikuta asilimia 79 zilitumia wanyama dume peke yao, na mwaka 2015 maabara ya Mogil ikaonyesha kwamba katika panya dume na panya jike chembe za kinga zinazochangia maumivu si zilezile. Kwa ugonjwa unaowapata wanawake wengi zaidi, hilo ni pengo zito. Kwa upande wa pili, majaribio kadhaa ya dawa niliyoyataja yaliwachukua wanawake tu, kwa hiyo mwanaume mwenye fibromialjia anatibiwa kwa ushahidi usiomhusu. Wazee, watoto, na watu wenye baridi yabisi au lupasi pamoja na fibromialjia huondolewa mapema katika majaribio mengi ili matokeo yawe safi, na ndio walewale wanaojaza vyumba vya kusubiria.

Niliwahi kushiriki katika utafiti mmoja. Nilitoa damu, nikajaza madodoso marefu kwa mikono iliyokuwa ikiuma, na sikuambiwa kamwe kilichopatikana, wala sikuweza kuuona umechapishwa. Watafiti wenyewe walikuwa watu wema na nadhani fedha ziliwaishia. Naomba msitoe ruzuku yoyote ya utafiti wa maumivu bila kutenga ndani yake sehemu ya kuchapisha matokeo, yawe mazuri au mabaya, na ya kuwarudishia walioshiriki kwa lugha wanayoielewa. Naomba pia wagonjwa wakae katika kamati zinazochagua maswali, tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtafiti aliyezoea kupima maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10 huenda asijue kwamba wengi wetu tungechagua kurudishiwa kumbukumbu kabla ya kupunguziwa maumivu.

Kwa wakuu wa vyuo vya uganga nina neno fupi. Uchunguzi wa mwaka 2010 uliowahusisha wagonjwa 800 katika nchi sita za Ulaya, Meksiko na Korea Kusini ulionyesha kwamba mgonjwa alihitaji wastani wa miaka 2.3 na madaktari 3.7 kabla ya kutambuliwa ana nini. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu mahali pake rasmi, na fibromialjia imo chini ya maumivu sugu yaliyoenea. Wanafunzi wenu wafundishwe kuitambua na kuiandika kwa msimbo wake, kwa sababu ugonjwa usioandikwa katika takwimu za hospitali hauhesabiwi, na usiohesabiwa hauwezi kuombewa fedha.

Waheshimiwa, ninachoomba kifanyike kwanza hakihitaji fedha mpya. Kila mfuko wa utafiti wa umma utangaze, katika taarifa yake ya mwaka ujao, kiasi ulichotumia kwa maumivu sugu ya tishu laini katika miaka 10 iliyopita, ngapi kati ya tafiti hizo zilidumu zaidi ya mwaka mmoja, ngapi zilihusisha wagonjwa zaidi ya 200, na ngapi zimechapishwa. Namba hizo zikiwa mezani, mifuko ikutane na kukubaliana juu ya kundi moja la pamoja la wagonjwa litakalopimwa yote niliyoyataja na kufuatiliwa kwa muda usiopungua miaka 10, pamoja na orodha ya dawa za zamani zisizo na mwenyewe ambazo majaribio yake yatalipiwa kwa zamu. Nawaomba mnijibu kwa maandishi na hadharani, ili wagonjwa wenzangu waweze kusoma mlichokubali kukifanya, mlichokikataa, na sababu zake.

Natanguliza shukrani.

Wenu mtiifu,
Mgonjwa wa fibromialjia